Gia ya Tano katika Gari la Kale: Morris Minor na Swali la Kuhifadhi Kitu Kinachotumika

Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili zisizoafikiana. Moja husema ya kale ni dhahabu. Nyingine husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu mwenye gari la kale ambaye huliendesha kila siku huishi katikati ya methali hizo. Akiliacha kama lilivyotoka kiwandani, barabara za leo zitalichosha upesi. Akilibadilisha, wajuzi watamwuliza: je, hilo bado ni gari lile lile?

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia, tena katika kiungo kimoja tu cha gari, yaani giaboksi. Mfano wetu ni Morris Minor, gari dogo la Uingereza lililozinduliwa mwaka wa 1948 na kutengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wenye magari hayo wanaoyatumia kwenda kazini na sokoni wameyaondolea mara nyingi giaboksi ya asili yenye gia nne na kuyatia nyingine yenye gia tano. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake imeandikwa vizuri, na hesabu zake kila msomaji anaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi. Pili, mabishano yanayouzunguka yanafanana sana na mabishano yanayosikika katika vyumba vyetu vya masomo kuhusu lugha safi na lugha iliyochanganyika. Jambo hilo la pili tutaligusa mwishoni, baada ya gari lenyewe kusema.

Neno moja kuhusu istilahi. Katika Afrika Mashariki husemwa gia, giaboksi na klachi, kutokana na Kiingereza. Huku kwetu Kongo fundi huchota katika Kifaransa na kusema vitesi. Tutatumia maneno ya kwanza kwa kuwa hayo ndiyo yaliyozoeleka katika maandishi, wala si kwa kuwa la pili ni duni. Difu tutaiita ile sehemu ya nyuma ya gari inayopokea nguvu kutoka giaboksi na kuigawia magurudumu mawili ya nyuma.

Giaboksi ilikotoka

Injini ya petroli ina tabia moja ambayo farasi hana, wala injini ya mvuke haina: haiwezi kuvuta ikiwa imesimama. Ni lazima kwanza izunguke mara mamia kadhaa kwa dakika ndipo itoe nguvu, na nguvu hiyo huwa nzuri katika kiasi fulani tu cha mzunguko. Magurudumu, kwa upande wao, huanzia kwenye sifuri. Giaboksi ndiyo mpatanishi wa pande hizo mbili. Katika gia ya kwanza injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja. Gari hupata nguvu, likakosa mwendo. Katika gia ya juu mambo hugeuka.

Mwaka wa 1891 Émile Levassor, wa kiwanda cha Panhard et Levassor nchini Ufaransa, alilipanga gari kwa mtindo ambao baadaye ulienea duniani: injini mbele, nyuma yake klachi, kisha giaboksi, na mwisho magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Ndani ya giaboksi ya aina hiyo magurudumu ya meno huteleza juu ya shafti mpaka yakutane, na meno yanayozunguka kwa kasi tofauti hugongana kwa kelele. Yasimuliwa kwamba Levassor mwenyewe alikiri kuwa mtindo huo ni wa kikatili, ila unafanya kazi.

Mnamo mwaka wa 1898 kijana Louis Renault alitengeneza gari dogo ambalo katika gia yake ya juu shafti ya injini iliungana moja kwa moja na shafti ya kwenda nyuma, bila nguvu kupotea katika meno ya kati. Usiku wa kuamkia Krismasi wa mwaka huo alilipandisha gari hilo mteremko mkali wa mtaa wa Lepic, Montmartre, jijini Paris. Kutokana na kazi yake, kwa muda mrefu magari mengi yalikuwa na gia ya juu yenye uwiano wa moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, shafti ya nyuma nayo huzunguka mara moja. Msomaji aushike uwiano huo, kwa maana gia ya tano tutakayoizungumza ni ile inayouvuka.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Marekani. Earl Thompson alibuni njia ya kuyafanya magurudumu ya meno yalingane kasi kabla ya kukutana: vipande viwili vyenye umbo la pia husuguana kwanza, kile chepesi kikafuata kile chenye mwendo, ndipo meno yakaingiliana bila kelele. Cadillac waliuingiza ubuni huo katika magari yao mwaka wa 1928, nao ukaitwa sinkromeshi. Katika miaka ya 1930 ulienea Ulaya, hasa katika gia za juu.

Tukizipanga hatua hizo pamoja, tunaona kwamba kila moja ilihamisha ustadi kutoka mguu wa dereva na kuutia ndani ya chuma. Dereva wa zamani alilazimika kuisikiliza injini, kukanyaga klachi mara mbili, kuongeza petroli kwa kipimo, na kuuingiza mkono wa gia kwa wakati wake hasa. Sinkromeshi ilimwondolea mzigo huo. Historia ya giaboksi, basi, tangu mwanzo ni historia ya kuboresha giaboksi. Aliyeitia gari lake gia ya tano hakuanza desturi mpya; aliiendeleza ile aliyoikuta.

Gari lililopandikizwa tangu utoto wake

Morris Minor ilionyeshwa kwa mara ya kwanza London, katika maonyesho ya magari ya Earls Court ya Oktoba 1948. Aliyeibuni ni Alec Issigonis, aliyezaliwa mwaka wa 1906 katika mji wa Smirna, ambao leo huitwa Izmir, na ambaye baadaye alibuni Mini ya mwaka wa 1959. Iliundwa Cowley, karibu na Oxford. Ilikuwa gari la watu wa kawaida: muuguzi, mwalimu, kasisi wa kijijini. Kabla mwaka wa 1960 haujaisha, magari milioni moja yalikuwa yametengenezwa, na hadi mwisho idadi ilifikia karibu milioni 1.6. Mengine yaliuzwa katika makoloni ya Uingereza, yakiwemo yale ya Afrika Mashariki.

Wanaoutetea uasili wa gari hili husema kuwa giaboksi yake ni sehemu ya nafsi yake. Hoja hiyo yahitaji kupimwa kwa tarehe. Gari la mwaka wa 1948 lilikuwa na injini ya Morris yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 918. Mwaka wa 1952 kampuni za Morris na Austin, zilizokuwa washindani wakubwa, ziliungana na kuunda British Motor Corporation. Mara baada ya hapo Minor iliondolewa injini yake, ikatiwa ile ya sentimita za ujazo 803 iliyobuniwa kwa ajili ya Austin A30, pamoja na giaboksi yake. Kwa maneno mengine, giaboksi ambayo leo huitwa ya asili ilipandikizwa kutoka gari la mshindani, na aliyeipandikiza ni kiwanda chenyewe.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Mwaka wa 1956 injini ilikuzwa ikawa ya 948, na uwiano wa gia ukapangwa upya ili pengo kati ya gia na gia lipungue. Mwaka wa 1962 ilikuzwa tena ikawa ya 1,098, na difu ikabadilishwa kutoka uwiano wa 4.55 hadi 4.22. Hata hivyo, jambo moja halikubadilika tangu mwanzo hadi mwisho: gia ya kwanza haikupata sinkromeshi. Dereva aliyetaka kurudi katika gia ya kwanza wakati gari bado linatembea alikuwa na njia mbili tu, kusimama kabisa au kukanyaga klachi mara mbili kama babu yake.

Kwa nini gia ya kwanza iliachwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20? Kwa wakati ule magari mengi ya bei nafuu yalikuwa vivyo hivyo. Sinkromeshi ya gia ya kwanza ni chuma zaidi, kazi zaidi na gharama zaidi, na gari hili liliuzwa kwa watu waliohesabu senti. Upungufu huo, basi, ulitokana na bei. Mara nyingi kile tunachokiheshimu katika kitu cha kale kwa jina la uasili ni uamuzi wa mhasibu ambaye alikuwa na bajeti ya kutimiza.

Barabara iliyobadilika

Gari halikuwahi kuwa baya. Barabara ndiyo iliyobadilika chini yake. Minor ilibuniwa kwa barabara nyembamba za Uingereza, zenye kona na vijiji, ambako mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa ulitosha. Mwezi wa Desemba 1958 kipande cha kwanza cha barabara ya kasi kilifunguliwa huko Preston, na mwezi wa Novemba 1959 sehemu ya kwanza ya barabara kuu ya M1 ikafunguliwa. Tangu wakati huo dereva wa Uingereza anayekwenda kazini mbali hujikuta kwa saa nzima katika mwendo mmoja, kati ya malori yenye injini kubwa kuliko zake.

Hapa hesabu ndogo itatusaidia. Gurudumu la Minor, likiviringika mara moja, husogeza gari karibu mita 1.8. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, yaani mita 1,667 kwa dakika, gurudumu huzunguka karibu mara 926 kila dakika. Difu ya 4.22 huizidisha idadi hiyo, na gia ya nne, kwa kuwa ni moja kwa moja, haipunguzi kitu. Injini, basi, huzunguka karibu mara 3,900 kwa dakika. Injini hiyo ndogo, yenye nguvu za farasi 48 tu, yaweza kuuvumilia mwendo huo, lakini hulia, hula petroli na hujisaga. Mazungumzo ndani ya gari huwa ni kupiga kelele.

Sasa tuitie gia ya tano yenye uwiano wa 0.82, maana yake shafti ya nyuma huzunguka mara nyingi kuliko injini. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 100, injini itazunguka karibu mara 3,200. Tofauti ni mizunguko 700 kila dakika, au mizunguko 42,000 kila saa. Kwa mtu anayeendesha saa mbili kwa siku, siku 5 kwa juma, hiyo ni mizunguko 420,000 ambayo injini haikulazimika kuifanya katika juma moja. Aliye na gari la maonyesho, linalotoka nje Jumapili nne kwa mwaka, hana haja ya hesabu hii. Aliye na gari la kila siku hana njia ya kuikwepa.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini asibadilishe difu peke yake? Wapo wanaofanya hivyo, kwa kutumia difu ya 3.9 kutoka magari madogo ya michezo ya ukoo huo huo. Kazi ni nyepesi, na mizunguko hushuka kutoka 3,900 hadi 3,600. Lakini difu huzigusa gia zote kwa pamoja. Ikiipumzisha gia ya nne, inaidhoofisha pia ya kwanza, na gari lililojaa watu litapata taabu kuondoka katika mlima. Gia ya tano huongeza juu bila kupunguza chini. Hiyo ndiyo sababu ya watu kukubali kazi kubwa zaidi.

Kazi yenyewe

Giaboksi iliyopendwa zaidi kwa kazi hii ilitoka Ford. Mafundi huijua kwa jina la Type 9, nayo ilitiwa katika Ford Sierra, gari lililozinduliwa mwaka wa 1982. Uwiano wake wa kawaida ni 3.65 kwa gia ya kwanza, 1.97 ya pili, 1.37 ya tatu, 1 ya nne, na 0.82 ya tano. Giaboksi ya Minor tangu mwaka wa 1956 ina 3.63, 2.37, 1.41 na 1. Tukizilinganisha, tunaona kuwa ya kwanza, ya tatu na ya nne karibu ni sawa. Anayeendesha hatahisi kwamba gari limekuwa jingine, isipokuwa katika mambo matatu: gia zote za mbele zina sinkromeshi, hata ya kwanza, pengo kati ya kwanza na pili limekuwa pana zaidi, na baada ya nne kuna mahali pa kupumzikia.

Giaboksi hiyo haiwezi kufungwa kwenye injini ya Minor hivi hivi. Matundu ya bolti hayalingani, meno ya shafti yake hayaingii katika sahani ya klachi ya Morris, na urefu wake ni mwingine. Kwa bahati nzuri, kombe la chuma linalofunika klachi ni kipande cha pekee katika Type 9, kinachofunguka. Fundi hulitoa kombe la Ford na kuweka jingine lililosubiwa mahususi, ambalo upande mmoja hulingana na injini ya Morris na upande wa pili hulingana na giaboksi ya Ford. Kisha hubadilisha sahani ya klachi na beringi yake, hufupisha ile shafti ndefu iendayo kwenye difu, hutengeneza mahali pa kuibeba giaboksi kwa nyuma, na hurekebisha waya wa saa ya mwendo ili usidanganye.

Kazi hii ina hatari zake, nayo haifai kusifiwa bila kuzitaja. Gia ya tano haiongezi nguvu hata chembe. Katika gia hiyo nguvu ya kuvuta kwenye magurudumu hupungua kwa asilimia 18, na mlimani dereva lazima arudi katika gia ya nne. Aidha, gari linalotembea kwa utulivu humshawishi dereva aende kasi zaidi, ilhali breki za Minor zilizotoka kiwandani ni za ngoma katika magurudumu yote manne. Fundi mwenye busara huzikagua breki kabla ya kuigusa giaboksi. Badiliko moja huita jingine, na mwenye gari asiyejua asimame wapi ataamka siku moja akiwa na gari la Ford lililovaa kanzu ya Morris.

Tena kuna kejeli ya wakati. Sierra iliacha kutengenezwa mwaka wa 1993, na giaboksi zake nazo zimekuwa za kutafutwa. Mafundi wakageukia giaboksi ya Mazda MX-5, gari lililozinduliwa mwaka wa 1989, ambalo matoleo yake ya kwanza leo yenyewe huhesabiwa kuwa magari ya kale. Kiungo kipya cha gari la jana huwa cha kale kabla mwenye gari hajamaliza kukifurahia.

Je, bado ni gari lile lile?

Waliofikiri sana juu ya jambo hili wamegawanyika katika makundi mawili. La kwanza ni la wahifadhi. Mwaka wa 2012 shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Hati ya Turin, iliyofuata mfano wa Hati ya Venice ya mwaka wa 1964 kuhusu majengo na makumbusho ya kale. Mtu angedhani kwamba hati kama hiyo ingekataza badiliko lolote. Sivyo. Inatambua kwamba kulitumia gari ni sehemu ya kulihifadhi, kwa kuwa gari lililokufa barabarani ni sanamu tu. Inachotaka ni kwamba badiliko lisizidi haja, liweze kutenguliwa, na liandikwe ili ajaye ajue kilichotokea.

Kundi la pili ni la watumiaji. Msemaji wake mashuhuri alikuwa Charles Ware, aliyefungua karakana ya Morris Minor mjini Bath katika miaka ya 1970. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi zaidi kuliko ya kimapenzi. Alisema kwamba mnunuzi wa gari jipya hupoteza fedha tangu siku ya kwanza, kwa kuwa thamani ya gari hushuka hata likiwa limeegeshwa. Gari la kale ambalo vipuri vyake vyote hupatikana laweza kutengenezwa bila kikomo, likaboreshwa kidogo kidogo, na fedha zikaenda katika mikono ya fundi wa mtaani. Kwa hoja hiyo, kuboresha giaboksi ni sharti la gari kubaki hai.

Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa na jibu lake, jibu la karani. Kwa miaka mingi idara inayosajili magari ilitumia hesabu ya alama kwa gari lililobadilishwa sana: bodi au chasisi alama 5, ekseli 2, mfumo wa giaboksi 2, usukani 2, springi na viungo vyake 2, injini 1. Ili gari lishike namba yake ya zamani, ilibidi libaki na alama 8 au zaidi, zikiwemo zile 5 za bodi au chasisi. Jumla ni 14. Aliyebadilisha giaboksi peke yake alibaki na 12, naye hakuwa na hofu. Tutambue kwamba katika hesabu hiyo injini, ambayo watu huiita moyo wa gari, ilipewa alama chache kuliko zote. Kwa karani, nafsi ya gari ilikuwa katika mwili wake, yaani katika kile kinachobeba vingine vyote.

Mfano wa India unatuonyesha njia nyingine. Kiwanda cha Hindustan Motors kilitengeneza gari la Ambassador, lililotokana na Morris Oxford, tangu miaka ya 1950 hadi mwaka wa 2014. Katika miaka ya 1990 kiwanda hicho kilianza kulitia injini ya Isuzu pamoja na giaboksi ya gia tano. Umbo lilibaki lile lile, na abiria wa teksi za Kolkata waliendelea kuliita Ambassador. Hakuna aliyedai kuwa wanapanda gari la bandia. Kinachoitwa upotoshaji kikifanywa na fundi wa uani, huitwa toleo jipya kikifanywa na kiwanda. Tofauti iko katika mamlaka ya aliyekifanya, wala haiko katika chuma.

Neno la kigeni na kombe la kuunganishia

Hapo ndipo gari linapotufikisha kwenye lugha. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kipo Kiswahili bora, kilichohifadhiwa katika vitabu, na kipo kile cha Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, kilichojaa maneno ya Kifaransa na ya lugha zetu nyingine, ambacho hakistahili darasa. Johannes Fabian, katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1982 kuhusu ukopaji wa maneno katika Kiswahili cha Shaba, alikwisha kuonyesha kuwa ukopaji huo hauelezwi kwa upungufu wa msamiati peke yake. Tuongeze hoja moja tuliyojifunza kwa fundi wa giaboksi.

Giaboksi ya Ford haiingii katika Morris bila kombe la kuunganishia. Neno la kigeni nalo haliingii katika Kiswahili bila ngeli. Waswahili wa pwani walipolipokea neno la Kiingereza la bamba linalozuia matope, walisikia ndani yake kiambishi ma-, wakapata madigadi kwa wingi na digadi kwa umoja. Walipoliona bango la barabarani linaloamuru kushika kushoto, wakapata kipilefti na vipilefti. Kiungo kilitoka nje, lakini kombe lilisubiwa hapa. Ndiyo maana mashine bado ni yetu. Neno vitesi, ambalo mwanzo wake unasikika kama ngeli ya vi-, linamngoja mwanafunzi atakayekwenda katika karakana za mji na kurekodi jinsi mafundi wanavyolipatanisha na vitenzi vyao. Hiyo ni kazi nzuri kwa tasnifu ya shahada.

Wala hata hao wanaojiona kuwa walinzi wa usafi hawako nje ya jambo hili. Mwaka wa 2015, wakati wa uchaguzi, msemo wa kubadili gia angani ulivuma kote Tanzania, ukiwa na maana ya kugeuza mkakati safari ikiwa imekwisha kuanza. Neno lililokopwa kutoka karakana limekuwa nahau. Kilichoanza kama kipuri kimeota mizizi.

Hata hivyo mlinganisho huu una mpaka wake. Mwenye Minor aweza kuifunga giaboksi ya zamani katika gunia, akaiweka rafuni, na mjukuu wake akairudisha mahali pake. Lugha haina rafu ya namna hiyo. Neno lililosukumwa nje na jingine mara nyingi hufa pamoja na wazee waliolitumia. Kwa hiyo sharti lile la Hati ya Turin, la kuandika kila badiliko, latubana sisi wa isimu kuliko linavyowabana mafundi. Tusiwakataze watu kusema vitesi. Kazi yetu ni kuandika walivyosema jana, wanavyosema leo, na lini badiliko lilitokea.

Hitimisho

Tumeona kwamba giaboksi haikuwahi kuwa kitu kilichokamilika. Kwamba ile iitwayo ya asili katika Morris Minor ilitoka kwa Austin. Kwamba gia ya kwanza iliyokosa sinkromeshi ilitokana na hesabu ya bei. Na kwamba barabara ya mwaka wa 1959 ililidai gari kitu ambacho wabunifu wa mwaka wa 1948 hawakuwa na sababu ya kukitia. Kutokana na hayo twaweza kusema kwamba kwa kitu kinachotumika kila siku, uaminifu haupimwi kwa kutobadilika. Hupimwa kwa maswali matatu: je, badiliko lilihitajika na kazi, au lilitamaniwa tu? Je, kiungo kipya kimeunganishwa kwa kombe linalouheshimu mwili unaokipokea? Na je, aliyebadilisha ameacha maandishi?

Gari linalojibu ndiyo kwa maswali hayo laweza kuwa na gia tano na bado likawa Morris. Lugha inayoyajibu vivyo hivyo yaweza kusema gia upande mmoja wa ziwa Tanganyika, na vitesi upande wa pili, na bado ikawa Kiswahili.